Mtumba Uliobeba Chombo cha Anga

Neno "mtumba" kwetu limekuwa tusi. Mtu akitaka kukidharau kitu husema ni mtumba, na mazungumzo yakaishia hapo. Nathubutu kusema kwamba dharau hiyo ni ujinga uliovaa suti, na mashahidi wangu ni Wamarekani, ambao hakuna atakayewaita maskini.

Vyombo vyao vya anga vyenye mabawa, vilivyokwenda juu kuanzia mwaka 1981 hadi 2011, viliizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Lakini kutua vilitua vikielea kama mwewe, pasipo injini ya kuvisukuma. Hali ya hewa ilipochafuka Florida, vilitua California, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Chombo cha tani 70 na zaidi kitavukaje nchi nzima? Kilipandishwa kwa winchi mgongoni mwa ndege aina ya Boeing 747, kikashikizwa juu ya nguzo tatu, safari ikaanza.

Basi ndege hiyo, namba 905, ilikuwa mtumba! Ilikwisha kubeba abiria wa American Airlines kabla ya kununuliwa mwaka 1974. Viti viling'olewa, kiwiliwili kikaimarishwa, na mkiani yakaongezwa mapezi mawili ya wima ili isiyumbe. Hata mistari ya rangi ya mwenyewe wa kwanza iliachwa ubavuni kwa miaka kadhaa. Ya pili nayo ilitoka Japan Airlines. Zilikwepa mvua, kwa kuwa vigae vya chombo havikustahimili matone, tena zilitua njiani kujaza mafuta. Hakuna aliyeona aibu.

Wasovieti waliunda jipya. Mriya, iliyoruka kwanza Desemba 1988, ilikuwa ndege kubwa ajabu, na siwanyimi sifa zao. Lakini chombo chao, Buran, kilikwenda anga za juu mara moja tu, Novemba mwaka huohuo. Mriya ikaishia kwenye mizigo mingine, hata ikateketea vitani Ukraine mwaka 2022.

Chuo kimoja cha ualimu nilichofanya kazi kilikuwa na basi lililoharibika giaboksi. Tuliambiwa tusihangaike nalo, jipya linakuja. Nyasi ziliota hadi madirishani, na wanachuo wakaenda mazoezi ya kufundisha kwa miguu.

Na sasa hapa Ngerengere, tangu treni ya umeme ianze kupita mwaka 2024, nasikia watu wazima, tena waliosoma, wakidai reli ya zamani, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ing'olewe iuzwe chuma chakavu. Eti inatutia aibu mbele ya wageni. Nimewauliza: malori yanayosongamana usiku na mchana katika barabara ya Morogoro yamebeba nini, kama si mizigo iliyokosa behewa? Mpaka leo sijajibiwa.