Moshi Kisha Vidanje: Usihukumu Turbo Mbiombio

Ndugu msomaji, wewe baba mwenye gari, wewe mama ambaye mizigo yako inapanda juu ya Fuso toka Sake kwenda Walikale, na wewe kijana shofere: mwezi huu tuzungumze juu ya moshi.

Papa mmoja wa kwetu Masisi alikuwa na Hilux ya mazutu, yenye turbo. Alifanyisha vidanje, ni kusema alibadilishiwa mafuta ya moteri na filitre yake. Kazi ya kawaida tu. Kesho yake, kwenye mpando, gari ikaanza kutoa moshi wa buluu, hata wa nyuma hawakuona tena njia. Mekanisie akafungua kapo, akaangalia dakika mbili, akasema: «Papa, turbo imekufa. Tafuta ingine.» Basi papa akaanza kuhesabu ng'ombe wa kuuzisha. Na ng'ombe wale ndio walikuwa minervali ya watoto.

Mimi si mekanisie. Lakini gari ya kanisa na matope ya barabara zetu vimenifundisha kidogo. Nilimuuliza ulizo moja: «Papa, wakati walipotia mafuta, gari ilikuwa fasi gani?» Akajibu: «Mbele ya nyumba.» Wewe unajua Masisi yetu. Mbele ya nyumba ni mteremko.

Vijana waliisukuma mpaka uwanja wa kanisa, penye tambarare. Tulingoja dakika kumi ili mafuta yashuke, tukavuta joje, ile fimbo ya kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa yamepita alama ya juu kwa vidole vitatu! Kwenye mteremko joje ilidanganya, na fundi akaendelea kuongeza. Tulitoa karibu litre mbili. Angalia: kwa moteri nyingi, toka alama ya chini mpaka ya juu ni kama litre moja tu.

Sasa, juu ya nini mafuta mengi yanaleta moshi? Turbo ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka. Upande wa pili linasukuma hewa kuingia kwa nguvu ndani ya moteri. Mswisi Alfred Büchi ndiye alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905. Ni kitu kizuri sana kwa milima yetu inayopita mita 2,000, sababu kule juu hewa ni nyepesi. Mti wa gurudumu lile unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unaogelea ndani ya mafuta ya moteri. Mafuta yale hayana pampu ya kuyarudisha: yanashuka yenyewe kwa bomba mpaka karteri. Kama karteri imejaa kupita kipimo, yatashukia wapi? Yanapenya pembeni mwa mti, yanaingia kwenye njia ya hewa au ya moshi, yanaungua. Tena moteri inayapiga mpaka yanatoa povu, na povu linapita kwa mpira wa pumzi ya moteri. Ule mpira ukiziba au ukikunjwa wakati wa kazi, matokeo ni yale yale, hata kama joje iko sawa. Turbo inalaumiwa bure.

Kwa hiyo, moshi ukianza kisha kazi ya garaje, jiulize kwanza: jana mikono ya watu iligusa nini? Halafu tazama rangi.

Buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Anza na joje, kisha mpira wa pumzi.

Mweusi ni mazutu mengi, hewa kidogo. Gari inakosa nguvu kwenye mpando, unasikia «fssss» chini ya kapo. Mpira wa hewa umechomoka, kolye haikukazwa, au kitambaa kimesahauliwa kwenye filitre ya hewa.

Mweupe wenye kunuka mazutu, na gari ni ngumu kuwaka: filitre ya mazutu ilibadilishwa, hewa ikabaki ndani, au mazutu ya bidoni ina maji. Mweupe usiokwisha, na maji ya radiyateri yanapungua: hapo simamisha gari, maji yanaingia ndani ya moteri.

Na kama moshi unatoka chini ya kapo, si kwenye bomba la nyuma, pengine ni mafuta yaliyomwagika juu ya chuma cha moto. Yafute. Yakirudi, kuna fasi inavuja, na inaweza kuleta moto.

Joje ikiwa sawa na mipira ikiwa sawa, ndipo turbo ichunguzwe. Moteri izimwe, ipoe. Ondoa mpira wa hewa, shika mti kwa vidole. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Lakini mabawa yakigusa ukuta, au mti ukienda mbele na nyuma, kweli imechoka.

Msidharau moshi wa buluu, wapendwa. Moteri ya mazutu inaweza kuanza kula mafuta yake yenyewe. Hapo inapiga kelele, inazunguka mbio, unazima ufunguo na haizimiki! Shofere asiruke nje. Akanyage freni kwa nguvu, atie vitesi ya juu kabisa, aachie ambreyaje mbio ili moteri inyongwe. Ama mtu azibe mdomo wa hewa kwa ubao, si kwa mkono. Wengine wote wasogee mbali. Ndiyo sababu gari yenye kutoa moshi mwingi wa buluu haipandishwi mlima wa Mushaki na watu juu ya mizigo.

Siku ya vidanje, fanyeni hivi. Gari isimame kwenye tambarare. Mafuta ya zamani yatoke yote. Tia mapya kidogo kidogo, ukipima. Ukiiwasha, iache kwa ralanti dakika moja, usiakselere, sababu turbo bado inangojea mafuta. Kisha zima, pima tena. Na jioni, ukimaliza mpando mrefu, iache izunguke dakika moja au mbili mbele ya kuzima, mafuta yasiungue ndani ya turbo.

Hilux ya yule papa iliendelea kutoa moshi kidogo siku mbili, sababu mafuta yalibaki ndani ya mipira. Tuliifungua mipira, tukaipangusa, moshi ukaisha. Turbo ni ile ile, na watoto walilipiwa minervali. Mama wa nyumba akaniambia: «Pastere, kumbe ng'ombe zetu zingeliwa na kamteremko!» Basi, ndugu, kabla ya kuuzisha kitu, vuta joje.