Mwalimu Septima na darasa nyuma ya duka

Mwezi huu tunamkumbuka mwalimu mmoja wa Marekani. Jina lake ni Septima Clark. Alifundisha watoto kwa miaka 40. Kisha, katika umri wa kulea wajukuu, alianza kazi kubwa zaidi. Aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika.

Septima alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Baba yake alizaliwa utumwani. Mama yake alifua nguo za watu ili watoto wapate kusoma.

Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 18, Septima alianza kazi ya ualimu. Wakati huo walimu Weusi hawakuruhusiwa kufundisha katika shule za serikali za mji wa Charleston. Kwa hiyo alikwenda kufundisha Johns Island, kisiwa cha wakulima. Shuleni kwake walikuwako watoto 132 na walimu wawili tu. Karibu na hapo ilikuwako shule ya Wazungu. Ilikuwa na watoto watatu na mwalimu wao mmoja. Mwalimu huyo alilipwa mshahara mkubwa kuliko Septima.

Maisha yake hayakuwa rahisi. Mume wake, aliyekuwa baharia, alifariki mwaka 1925. Alimwachia mtoto mchanga wa kiume. Mshahara haukutosha. Ilibidi mtoto apelekwe kwa babu na bibi yake wa upande wa baba wamlee. Septima aliendelea kufundisha. Mwaka 1945 alisaidia katika kesi ya kudai mshahara sawa kwa walimu Weusi na Wazungu. Walimu Weusi walishinda.

Kufukuzwa kazi

Mwaka 1956 jimbo la South Carolina lilitunga sheria mpya. Mtumishi wa serikali alikatazwa kuwa mwanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za Watu Weusi. Septima alikuwa mwanachama. Walimu wengi waliogopa, wakanyamaza. Yeye alikataa kukana chama chake. Akafukuzwa kazi. Pensheni ya miaka 40 ikapotea pia.

Je, alikaa nyumbani kulia? Hapana.

Shule ya watu wazima

Katika jimbo hilo mtu aliyetaka kupiga kura alipimwa kwanza kama anaweza kusoma sehemu ya Katiba. Asiyejua kusoma, na asiye na mali, hakuandikishwa. Johns Island alikuwako bwana mmoja, Esau Jenkins, mwenye basi. Aliwafundisha abiria wake Katiba njiani. Mama mmoja aliisikiliza mpaka akaijua kwa moyo. Lakini hakuridhika. Alitaka kuisoma kwa macho yake mwenyewe.

Ndipo Septima na Esau wakapanga kuanzisha shule. Mwalimu wa kwanza alikuwa Bernice Robinson, ndugu yake Septima. Bernice alikuwa msusi na mshonaji, hakusomea ualimu. Alichaguliwa kwa sababu asingewadharau wanafunzi wake.

Darasa lilianza Januari 1957 na watu 14. Walisomea vyumba vya nyuma ya duka la ushirika. Mbele paliuzwa bidhaa, ili wapinzani wasitambue kuwa nyuma kuna shule.

Bernice hakuwapa vitabu vya watoto. Aliwauliza, "Mnataka kujifunza nini?" Wakasema wanataka kuandika majina yao. Wanataka kusoma barua za watoto wao walio mbali. Wanataka kujaza fomu ya kutuma fedha kwa posta. Basi hayo ndiyo yakawa masomo. Mtu aliandikiwa jina lake kwenye kipande cha boksi. Alifuata herufi kwa penseli, mara nyingi, mpaka mkono ukazoea. Bibi mmoja wa miaka 65 aliliona jina lake ubaoni, akalitambua. Alifurahi sana.

Shule hizo zilienea katika majimbo mengi ya kusini. Septima alisafiri akiwafundisha walimu wake. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida wa hapohapo. Maelfu ya watu walijiandikisha kupiga kura. Mwaka 1965 sheria ya nchi ilisimamisha vipimo vile vya kusoma.

Haki yake yarudi

Mwaka 1975 Septima alichaguliwa kuingia katika halmashauri ya shule za Charleston. Hizo ndizo shule zilizomfukuza. Mwaka 1976 gavana alikubali alipwe pensheni yake. Alifariki Desemba 1987, akiwa na umri wa miaka 89.

Ndugu msomaji, wewe unayesoma maneno haya leo umevuka mto uleule waliouvuka watu wale. Katika jirani zako, nani bado yuko ng'ambo? Msaidie. Huna haja ya kuwa mwalimu. Mwandikie jina lake, umpe penseli, ukae naye.