Kabla hujamfuata besi Naivasha, tafuta kayaki itakayokurudisha nyumbani

Jumapili hii nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeiandaa ili nimjibu msomaji wetu mmoja wa Nakuru. Ananiarifu kwamba amestaafu majuzi baada ya kutumikia kazi kwa miaka mingi, na katika kiinua mgongo chake ametenga fungu la kununua kayaki ya kuvulia samaki katika Ziwa Naivasha. Tatizo ni mkewe. Mama huyo amesema waziwazi kwamba pesa za uzeeni si za kuchezea, na kwamba yeye hayuko tayari kuachwa mjane kwa ajili ya samaki. Mzee ananiomba nimsaidie kumshawishi.

Pole mzee wangu, kumshawishi sitakusaidia. Mkeo ana haki ya kuogopa, na baada ya kusoma yaliyonipata mimi utajua kwa nini. Hata hivyo, sitakwambia uiache nia yako. Nitaeleza ninayoyajua, kisha nyinyi wawili mkae mezani mshauriane.

Kwanza tumjue huyo anayefuatwa. Besi, na wala si basi la kupanda, ni samaki mwenye mdomo mpana aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 ili wapenda uvuvi wapate mchezo. Akazoea. Hupenda kujificha kivulini, chini ya mafunjo au kando ya mti ulioanguka majini, na kumvizia anayepita. Kamba wa maji baridi walioletwa ziwani humo mwaka wa 1970 wamekuwa chakula chake. Tangu samaki aitwaye kapi aonekane ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, besi hapatikani kwa wingi kama zamani, kwa kuwa yeye huwinda kwa macho na kapi huvuruga matope. Lakini bado yupo, na anayejua maficho yake humpata.

Hapo ndipo kayaki inapoingia. Chombo hiki kilibuniwa na watu wa nchi za barafu kule kaskazini ya dunia, waliokiunda kwa mifupa na miti iliyoletwa na mawimbi, wakakivika ngozi ya sili. Ni chembamba, chepesi, na huendeshwa na mtu mmoja kwa kafi lenye bapa huku na huku. Hakina injini ya kunguruma. Tangu maji ya Naivasha yalipopanda miaka ya karibu na 2020, migunga mingi ya ukingoni imekufa ikiwa imesimama majini. Kati ya miti hiyo boti kubwa haipenyi. Kayaki hupenya, tena kimyakimya.

Sasa nikueleze kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilisikia kwamba mgeni mmoja anahama nchini na anauza kayaki yake kwa bei ya kutupa. Nikakimbia. Ilikuwa ndefu, nyembamba, inang'aa kama gari la arusi. Sikuuliza imeundwa kwa kazi gani. Kumbe ilikuwa ya kwenda mbio, ya mtu kuingiza miguu ndani na kukaa kama aliyevaa suruali ya mbao. Jumamosi moja nikaifunga juu ya gari, nikamchukua kijana wangu wa kidato cha pili, tukashuka Naivasha.

Nilimwacha kijana ufukoni na kusukuma makafi hadi kiasi cha mita sitini hivi. Jaketi la kuokolea maisha nilikuwa nalo, ila nilikuwa nimelifunga nyuma ya kiti kwa sababu lilinibana mabega. Nikatupa ndoana karibu na mti mkavu. Mara mshipi ukakaza! Nikainama upande wa kulia kumpokea samaki, na kabla sijatamka neno nilikuwa chini ya maji, miguu imenasa ndani ya chombo.

Nilijinasua. Nilipoibuka nilimsikia kijana wangu akipiga mayowe. Kayaki ilikuwa imejaa maji na kafi lilikuwa linaelea likienda zake. Mwendesha boti aliyekuwa akipita na watalii ndiye aliyeniokota. Aliponivuta ndani hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mzee, hapo ulipoangukia ndipo viboko hulala mchana." Kijana wangu hakusema lolote mpaka tukafika Limuru. Hapo aliniuliza swali moja: "Baba, ningemwambia nini mama?"

Sikuwa na jibu. Mama watoto, alipokwisha kusikia yote, alitamka neno ambalo limekuwa kipimo changu hadi leo: "Ukitaka kuvua, vua. Lakini nunua chombo kitakachokurudisha nyumbani." Nikaiuza ile ya mbio, nikaanza upya kwa kuuliza kwanza. Haya ndiyo niliyojifunza.

Umbo. Kayaki ni za aina mbili kubwa: ya kuingia ndani na ya kukalia juu. Kwa uvuvi wa ziwani, hasa kwa mtu anayeanza, chukua ya kukalia juu. Hiyo ni kama jahazi lililozibwa pande zote. Hewa imefungiwa tumboni mwake, na sakafu ina matundu ya kutolea maji. Ikipinduka haijai maji. Unaigeuza, unaipanda tena, unaendelea na safari.

Upana. Wenzetu wa pwani huitegemeza ngalawa kwa matengo yaliyotokeza kando. Kayaki haina matengo, kwa hiyo uthabiti wake unatoka katika upana wake. Tafuta yenye upana wa sentimita 80 hadi 90. Ile yangu ya kwanza haikufika hata 60, nami nikataka kuinamia samaki!

Urefu. Futi 10 hadi 12, yaani kama mita 3 hadi 3.6, zinatosha. Ndefu huenda moja kwa moja na kwa kasi zaidi. Fupi hugeuka vyema kati ya miti. Ukiwa na safari ndefu ya kuvuka eneo la wazi, isogee futi 12.

Uzito inaoweza kubeba. Kila kayaki nzuri imeandikwa kilo inazostahimili. Usiijaze mpaka ukomo huo. Ishia kwenye asilimia 70 hivi. Chukua mfano wa mzee mwenye kilo 85 na vifaa vya kilo 20. Jumla ni kilo 105. Basi anahitaji chombo kilichoandikwa kilo 150 au zaidi. Chombo kilicholemewa hukaa chini majini, na kila wimbi ni mgeni asiyebisha hodi.

Uzito wake chenyewe. Hapa wazee wenzangu tusijidanganye. Kayaki pana ya plastiki ngumu huweza kuwa na kilo 30 hadi 45. Je, nani atakusaidia kuipandisha juu ya gari? Ukiwa peke yako na mgongo umeshaanza kulalamika, nunua nyepesi au ununue pamoja na kigari chake cha magurudumu mawili. Zipo pia zinazoendeshwa kwa pedali za miguu, na mikono ikabaki huru kushika mshipi. Ni nzuri, lakini ni ghali na nzito zaidi, na pedali zake hunaswa na magugu.

Iwapo unanunua iliyotumika, kama wengi wetu, usiikague kwa macho ya mapenzi. Ipindue. Tazama sehemu ya nyuma ya mkuku, inayosuguliwa chombo kinapoburutwa. Tazama ukingo wa kila tundu la kutolea maji, maana ndipo nyufa huanzia. Ingiza kurunzi inayowaka tumboni mwake ndani ya chumba chenye giza. Mahali mwanga unapotokeza ndipo maji yatakapoingilia. Plastiki iliyopauka na kukauka kwa jua la miaka ikatae hata kama bei inakuchekea.

Kisha omba kuijaribu majini kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, mwage kwaheri. Nenda mahali pasipo na viboko wala mamba, kidimbwi cha kuogelea kikiwa bora kuliko vyote. Kaa, jitikise kulia na kushoto, pinda kiuno uguse nyuma ya kiti. Halafu, na hili wengi hulikimbia, jipindue kwa makusudi ukiwa umevaa jaketi. Jifunze kurudi: shika ukingo wa mbali, piga mateke mpaka tumbo lilale juu ya kayaki, geuka ukae kwa makalio, kisha ndipo uingize miguu. Tumbo, makalio, miguu. Rudia mpaka usiwaze. Mtu ambaye hawezi kurudi juu ya kayaki yake hajawa tayari kwenda ziwani, hata akiwa na vifaa vya dola.

Tukija kwenye vifaa, naomba ufuate mpango huu, kwa kuwa wengi hununua fimbo za bei kali kwanza halafu pesa zikawaishia.

Cha kwanza ni jaketi la kuokolea maisha, lenye kukuenea na lililoachwa wazi mabegani ili mikono ichezee kafi. Livae ukiwa bado nchi kavu, ulivue ukisharudi nchi kavu. Lililofungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu. Nani ajuaye hilo kunishinda?

Cha pili ni kafi. Chombo kikiwa kipana, kafi liwe refu, sentimita 240 hivi, la sivyo utagonga ubavu kila upigapo. Lifunge kwa kamba nyepesi kwenye kayaki. Cha tatu ni filimbi iliyofungwa kwenye jaketi, kisu kidogo cha kukatia mshipi uliokuzonga, na simu ndani ya mfuko usiopenya maji. Simu nayo ikae mwilini mwako, kwa sababu kayaki inaweza kupeperushwa ikakuacha.

Cha nne ni nanga ndogo ya kukunjika, ya kilo moja na nusu hivi. Ifunge omo au tezi. Kamwe usiifunge ubavuni, kwa sababu upepo ukivuma chombo huvutwa upande na kupinduka. Kisu kiwe karibu ili uikate kamba ikibidi.

Baada ya hayo, sasa jipambe. Kreti ya maziwa iliyofungwa nyuma ya kiti ni kabati tosha. Pembeni mwake funga vipande viwili vya bomba la plastiki kutoka duka la vifaa vya ujenzi, navyo ni vishikizi vya fimbo. Fimbo mbili zatosha: moja ya chambo cha plastiki chenye umbo la mnyoo, nyingine ya kijiko king'aacho. Tandika kipande cha mkeka wa sponji sakafuni, kwani besi husikia koleo likianguka. Ukitoboa kayaki kufunga kifaa, toboa juu tu, mbali na usawa wa maji, na uzibe kwa gundi ya vyombo vya majini. Kila kitu kiwe na kamba yake. Kisichofungwa ni cha ziwa.

Usisahau kofia pana na mikono mirefu. Ziwa liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi utatetemeka na saa sita utaungua.

Nimeacha la viboko mwisho ili usilisahau. Mnamo Agosti 2018, mtalii mmoja wa kigeni na mvuvi mmoja waliuawa na viboko siku moja huko Naivasha. Kiboko dume huweza kupita kilo 1,500, hukaa chini ya maji dakika tano, na hutembea kwenye sakafu ya ziwa bila wewe kujua. Hakuna kayaki duniani inayomhimili. Kwa hiyo usiende peke yako. Lipa boti ya mwenyeji ajuaye malazi yao ikutangulie na ikae karibu nawe. Mwenyeji akisema pale hapaendeki, hapaendeki, hata besi akiruka ukimwona. Gonga ubavu wa chombo mara kwa mara unapohama, na usijiweke kati ya kiboko na maji ya kina. Ingia jua likishachomoza, toka kabla ya alasiri, maana upepo wa mchana hulichafua ziwa ghafla. Na kabla ya yote, pitia ofisi ya uvuvi upate leseni na maelezo ya sheria za vyombo.

Sasa mzee wangu wa Nakuru, pamoja na mama. Fanyeni hesabu kwa karatasi: kayaki, jaketi, kafi, leseni, boti ya mwenyeji kwa kila safari. Ikiwa fungu ulilotenga linatosha kayaki pekee, basi halijatosha. Ngoja, au kodi boti ya mwenyeji kwa siku uvulie humo. Samaki ni yuleyule. Ikiwa latosha yote, mpeleke mama kidimbwini siku ya majaribio. Akuone ukipinduka, akuone ukirudi juu. Akishaona mara tatu, muulize tena. Na akiendelea kukataa, mzee, nakushauri umsikilize. Miaka mliyobakiza pamoja haiuzwi dukani.

Nami bado huenda. Kila ninaporejea, kijana wangu, ambaye sasa ni mtu mzima, hunipigia simu saa kumi kamili kuuliza kama nimetoka majini. Sijawahi kuiacha simu hiyo iite mara ya pili.

Hadi Jumapili ijayo, Mungu akipenda, kwaheri ya kuonana.