Bampa Si Pambo

Ukitaka kujua jinsi tunavyopenda kuhukumu mambo kwa sura, tazama tunavyoamua kubadilisha bampa la gari. Mtu akiona mkwaruzo wa urefu wa kidole hapati usingizi. Yuko tayari kugusa hata ada ya mtoto ili anunue bampa jingine. Mwenziwe, ambaye gari lake limegongwa mpaka chuma cha ndani kimepinda, hupuliziwa rangi kwa siku moja akarudi barabarani akitabasamu. Mimi nasema wote wawili wamepotoka, na huyu wa pili anachezea roho za watu.

Hebu tukumbushane bampa ni nini. Magari ya zamani, kama Peugeot 504 iliyotamba sana katika barabara zetu, yalikuwa na bampa la chuma cha kung'aa. Likibonyea, kila mtu aliona. Magari mengi ya leo, yakiwemo haya yaliyokwisha tumika Japani yakashushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa, yameundwa vingine. Kile tunachokiona kwa nje ni ganda la plastiki tu. Nyuma yake mara nyingi kuna povu gumu, na nyuma ya povu upo mhimili wa chuma au aluminiamu uliofungwa kwenye fremu. Ganda hubonyea likarudi lilivyokuwa; pigo lenyewe hupokewa na povu na mhimili. Kwa hiyo ganda laweza kuonekana zima huku povu limesagika na mhimili umepinda. Gari kama hilo likigongwa tena, pigo hupita moja kwa moja hadi kwenye rejeta, au kwenye buti.

Kanuni ya kwanza ya Marekani kuhusu mabampa, iliyoanza na magari ya mwaka 1973, ililenga kulinda vitu kama taa na mfumo wa mafuta gari linapogonga kwa mwendo mdogo, kilomita 8 hivi kwa saa. Hiyo ndiyo kazi ya bampa: kukinga.

Basi libadilishwe lini? Mkwaruzo si sababu. Ufa mfupi nao si sababu, maana plastiki ya mabampa mengi hulainika kwa moto, na fundi anayeijua kazi yake huuchomelea kwa plastiki ya aina ileile. Lakini vishikizo vikikatika, bampa likawa linaning'inia, libadilishwe. Likidondoka barabarani, mwenye pikipiki anayekufuata ndiye atakayelipa. Likimeguka na kuacha ncha kali, libadilishwe, kwa sababu waenda kwa miguu nao ni watu. Na povu lililovunjika au mhimili uliopinda visijadiliwe hata kidogo. Ving'olewe, viwekwe vingine, hata kama ganda linapendeza kama la bibi harusi.

Hapa nina ugomvi na baadhi ya mafundi wetu. Wanashona ganda kwa waya, wanapaka puti, wanapuliza rangi, na mlango wa gereji unafungwa bila mtu kuchungulia ndani. Lakini ugomvi mkubwa ninao na sisi wenye magari. Tunauliza, "Fundi, itang'aa?" Ni nani kati yetu anayeuliza, "Fundi, nyuma pakoje?" Fundi huuza kile anachoulizwa.

Najua nitaambiwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli kabisa! Ila ukuta wa gari ni mhimili. Ganda ni chokaa. Nitaambiwa pia kwamba gari lenye kovu hushuka bei. Nakubali. Lakini anayempulizia mnunuzi rangi juu ya chuma kilichopinda anamuuzia ajali, na wahenga walishasema kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Ndugu msomaji, siku gari lako litakapogongwa, fedha ya kwanza mlipe fundi alifungue ganda, nawe uinamie utazame kwa macho yako mwenyewe. Ndani pakiwa salama, rangi inaweza kungoja mshahara wa mwezi ujao. Pakiwa pabovu, gari lisitoke gereji, liwe linang'aa au halingʼai.