Nyumba ya Magurudumu na Mlango wa Jirani



Ndugu wapendwa katika Kristo, tangu mwanzo wa mwaka huu waamini wengi wanaopita uani mwa nyumba ya mapadre wameiona ile tela ndogo yenye mlango na dirisha moja, nao wametuuliza, wengine kwa upole na wengine bila upole, ni ya nini. Wapo waliosema kwamba Paroko ameanza utalii. Wapo waliodhani ni kibanda cha kuuzia soda siku ya mavuno. Wiki hii tumeona ni vema tujibu, kwa sababu tela hiyo imetufundisha jambo ambalo hatukulijua tulipoitengeneza.

Tela ile ni nyumba ya kulala safarini. Wageni wanaolizunguka ziwa letu huja wakivuta nyumba kama hizo, waziitazo karavani. Yetu haikutoka ng'ambo. Ilichomelewa na mafundi hapa hapa Mwanza, juu ya ekseli ya gari kuukuu. Urefu wake ni mita 3, na upana hauzidi mita 2. Ndani mna godoro moja, rafu ya vyombo vya Misa, sanduku la dawa za huduma ya kwanza na jiko dogo la gesi. Nyuma kuna nafasi ya madumu ya maji. Ilijengwa kwa mchango wa rafiki mmoja wa parokia aliyeomba asitajwe. Hakuna senti ya zaka iliyotumika, na hesabu zake zimo mikononi mwa Halmashauri ya Walei kwa yeyote atakaye kuziona.

Sababu ya kuitengeneza ni vigango vyetu vya ufukweni. Kwa miaka mingi tumekwenda huko kama watu wa zimamoto: tunafika saa nne, tunaungamisha haraka haraka, tunaadhimisha Misa, tunabatiza, tunakula, na kabla jua halijazama tumekwisha kugeuza gari. Lakini wavuvi wa dagaa hawaishi kwa kalenda ya ofisi ya parokia. Wao hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta dagaa juu ya maji, na asubuhi wamelala au wapo mwaloni wakishusha mzigo. Mbalamwezi inapong'aa taa hizo hazina nguvu, mitumbwi hupumzika, na wanaume hubaki nyumbani. Basi atakaye kuwaona wanaume hao kanisani hana budi kuufuata mwezi, na kukaa nao siku tatu au nne mfululizo, usiku na mchana.

Tulianza kufanya hivyo, na matunda yake hatuwezi kuyaficha. Usiku watu huzungumza mambo ambayo mchana hawayasemi. Walikuja wanaume ambao hawakuungama kwa miaka mingi, wakakaa nje ya tela juu ya dumu lililofunikwa, wakafungua mioyo yao. Walikuja mume na mke waliokuwa wakiishi bila ndoa ya Kanisa, wakauliza waanzie wapi. Hayo yote yasingewezekana kama tungekuwa tumekwisha kurudi mjini.

Wala jambo hili si geni kwetu sisi watu wa Nyanza. Imani ilitufikia kwa msafara. Mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, waliondoka Bagamoyo kwa miguu pamoja na wapagazi, na mwishoni mwa Desemba mwaka huo kundi la Padre Livinhac likafika Kageye, pwani ya kusini ya ziwa. Padre Pascal, kiongozi wa kundi lililoelekea Ziwa Tanganyika, alikuwa amekwisha kufariki njiani. Kutoka Kageye, Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi hadi Buganda mnamo Februari 1879. Walipolazimika kuondoka huko mwaka 1882, mapadre hao walirudi upande wetu, na mwaka 1883 ikaanzishwa misheni ya Bukumbi. Mzigo wa mpagazi mmoja katika misafara ya nyakati hizo ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, na mwenye msafara alipaswa kufikiri mara mbili juu ya kila kitu, kwa sababu kila kitu kilikuwa juu ya kichwa cha mtu.

Sisi hatukufikiri mara mbili. Katika safari yetu ya pili tulipakia kila tulichoweza: madumu ya maji, viti vya plastiki, mahindi ya katekista, hata jenereta. Na kwa kuwa mlango uko nyuma, vitu vizito vilibaki nyuma. Tukiwa barabara ya Musoma, kabla ya kufika Magu, tela ilianza kuyumba kushoto na kulia, ikilitikisa gari zima kama mbwa atikisavyo panya. Kwa neema ya Mungu hatukukanyaga breki kwa hofu. Tuliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, gari likapunguza mwendo, tela ikatulia. Fundi alitueleza baadaye kosa letu. Uzito mkubwa wa tela ya ekseli moja hukaa juu ya ekseli na mbele yake kidogo, kiasi kwamba takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wote iangukie kwenye kiungo cha gari. Ukiurundika nyuma, mkia utaliendesha gari.

Kwa faida ya walio na tela za mizigo, na tunajua ni wengi hasa nyakati za Noeli watu wanaporudi nyumbani, tuongeze machache aliyotufundisha fundi huyo. Mnyororo wa usalama ufungwe kila mara, hata kwa safari ya kilomita 2. Taa za nyuma zijaribiwe kabla ya kuondoka. Beringi zitiwe grisi, na baada ya mwendo mrefu ushike kitovu cha gurudumu kwa uangalifu: kikiwa cha moto kupita kiasi, simama. Na anayerudi nyuma akumbuke kwamba tela huelekea kinyume cha usukani. Mambo haya si madogo. Sisi wa ziwa hili hatuhitaji kufundishwa gharama ya mzigo uliozidi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoidhinishwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na zaidi ya ndugu zetu 200 walipoteza maisha. Kupakia kwa kiasi ni sehemu ya amri ya tano.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi halikuwa la barabarani.

Katika kigango kimoja anaishi bibi mmoja mjane, ambaye kabla ya tela kuja ndiye aliyetupokea kila tulipofika. Nyumba yake ina vyumba viwili. Alikuwa akitutandikia mkeka mpya, akitupikia ugali wa muhogo na sato, na asubuhi akituletea michembe na chai. Safari ya kwanza ya tela tulimsalimu, tukala mchana kwake, na jioni tukaenda kulala kwenye godoro letu. Safari ya pili tulipika wenyewe, tukidhani tunampunguzia mzigo. Safari ya tatu alikuja mwenyewe hadi mlangoni pa tela, akapiga goti, akasalimu, kisha akasema: "Padre, wewe sasa unakuja na nyumba yako. Sisi tutakukaribisha wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliingia ndani tukaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza tuliona kwamba tela ile ina mlango mmoja tu, na ufunguo wake uko mfukoni mwetu.

Wapendwa, Mwinjili Luka katika sura ya 10 anasimulia jinsi Bwana alivyowatuma wale sabini na wawili bila mfuko wala mkoba, akiwaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea na kula watakachopewa. Tulipokuwa seminarini tulifundishwa kwamba hapo Bwana anawafundisha ufukara. Leo tunaamini kwamba anafundisha pia jambo jingine: mtume anapaswa kumhitaji yule anayetumwa kwake. Asiyehitaji chochote kutoka kwa wenyeji wake amewanyima nafasi ya kumtendea Kristo katika mgeni. Wahenga wetu waliliona hilo waliposema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja na kila kitu hamponyi mtu.

Kuna watakaosema kwamba basi tela iuzwe. Sisi hatuoni hivyo. Yohane, anaposema kwamba Neno alikaa kwetu, anatumia neno la Kigiriki lenye maana ya kupiga hema. Hema si dhambi. Tunalopaswa kuuliza ni limepigwa katikati ya watu au kando yao. Tena kumlala mjane kila mara nako kuna upande wake. Tulipokuwa tukilala kwa bibi yule, wajukuu wake wanne walihamishiwa jikoni penye moshi, na hatukuwahi kuuliza.

Kwa hiyo usiku ule tulifanya hivi. Tulimkabidhi bibi ufunguo wa tela. Sisi tukalala chumbani kwake, juu ya mkeka wetu wa zamani, na wajukuu wakalala ndani ya tela pamoja na shangazi yao, wakicheka hadi usiku wa manane. Asubuhi bibi alituuliza kama tumelala salama. Tukamwuliza kama wao wamelala salama. Akajibu kwamba watoto hawataki kutoka.

Tangu siku ile huo ndio utaratibu wetu, nasi tunautangaza hapa ili mtushike kwao. Tela itabeba altare, dawa na mizigo. Palipo na nyumba inayotukaribisha, tutalala ndani yake na kula tunachopewa, na ufunguo wa tela utakuwa wa mwenyeji. Pasipo na nafasi, au penye ugonjwa, ndipo tutalala katika tela. Na hatutapakia tena jenereta.

Nanyi wapendwa, jipimeni katika hili. Wengi wetu tunakwenda kijijini kwa wazazi tukiwa na maji yetu ya chupa, chakula chetu katika mabokisi, na chumba tulicholipia katika nyumba ya wageni, tukisema hatutaki kuwasumbua wazee. Huenda nia ni njema. Lakini kabla ya kuondoka nyumbani, mwulize mama yako kama kweli alikuomba usimsumbue.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu