Staa Kumpeleka Mtoto Kayumba Kyela: Mjini Mmenunia Kitu Kisicho

Kuna dada mmoja wa mjini, jina lake libaki kapuni, wafuasi anao wa kutosha na madili ya matangazo hayamkauki. Juzi kati kaposti picha ya bintiye wa miaka sita, shati jeupe, sketi ya bluu, kasimama nje ya darasa la matofali ya kuchoma huko kwao Kyela. Maneno aliyoandika ni machache tu: mtoto kaanza la kwanza, shule iko jirani na kwa bibi yake.

Basi! Komenti zikafumuka kama maji ya mto Kiwira mwezi wa nne. Mara pesa zimekata, mara baba mtoto kasepa, mara anatafuta kiki. Mwingine kaandika kabisa kwamba kumpeleka mtoto Kayumba wakati una gari la maana ni kumkosea mtoto.

Cha ajabu, katika komenti zote zile hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo shule ikoje. Walimu wapo? Watoto wa la pili wanajua kusoma? Hakuna. Watu wameona rangi ya sketi, wakamaliza hukumu. Na hao hao ndio wanaosifia mchele wa Kyela kila wikiendi, ila shule aliyosoma mkulima aliyeulima wanaitemea mate.

Ukweli usemwe, dada wa watu hakukurupuka. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizungukia shule mbili. Moja ni English medium ya kulipia, ina basi la njano na mtoto anachukuliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nyingine ni ya serikali, kutembea dakika kumi kutoka kwa bibi. Anayeijua Kyela anajua maana ya hizo dakika kumi. Ni bonde tambarare linaloishia Ziwa Nyasa, na mito inayoshuka kutoka milimani inamwagikia huko: Kiwira, Mbaka, Lufilyo, na Songwe upande wa mpaka na Malawi. Kuanzia Machi hadi Mei mvua haina utani, barabara za ndani zinageuka matope na maji yanaingia hadi mashambani. Mtoto wa miaka sita kuamshwa gizani apande basi litakalokwama njiani, eti kwa sababu sare ina tai, hapo anayefurahi ni mzazi na simu yake.

Halafu kuna suala la hela. Shule ya msingi ya serikali haina ada. Lakini bila ada sio bila gharama. Sare, madaftari, kalamu na begi ni vya mzazi, na chakula cha shuleni mara nyingi ni makubaliano ya kikao cha wazazi, kila mtu alete mahindi au mchele kiasi fulani. Ruzuku iliyopangwa toka mwanzo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, hela ambayo kuna watu hapa wanaimaliza kwenye bando. Kwa hiyo shule ya serikali inasimama vizuri pale ambapo wazazi wamesimama nayo. Wakikaa pembeni, inayumba.

Wanaoponda wana pointi zao pia, tusiwavunjie heshima. Madarasa yamejaa. Kiwango cha serikali yenyewe ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na kuna shule nyingi hicho kiwango wanakisikia redioni tu. Ng'ambo ya mto Songwe wenzetu wa Malawi waliyaona mapema, walipofuta ada ya msingi mwaka 1994 watoto walifurika na wengine wakasomea chini ya miti. Ada ikiondoka, madawati hayaongezeki yenyewe.

Pointi ya pili ni lugha. Mtoto wa Kyela anaweza kuanza shule nyumbani akiongea Kinyakyusa, darasani akafundishwa kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta somo la Kiingereza kuanzia la kwanza, na msingi sasa inakuwa miaka sita badala ya saba. Ni hatua nzuri, ila somo kuwepo kwenye ratiba na mtoto kulielewa ni vitu viwili. Mzazi anayechagua Kayumba ajue mapema kwamba Kiingereza atakiongezea nyumbani, kwa vitabu vya hadithi na sio kwa katuni peke yake.

Sasa kwa anayetaka kuchagua shule kwa akili na sio kwa komenti, mambo hayajafichwa. Matokeo ya la nne na la saba ya kila shule yako wazi kwenye tovuti ya NECTA, unaingia mkoa, halmashauri, shule. Na kwa kuwa NECTA iliacha kutangaza zile kumi bora tangu mwanzoni mwa 2023, hakuna tena njia ya mkato ya kusubiri majina ya shule kwenye taarifa ya habari. Angalia miaka mitatu, sio mmoja. Kisha nenda mwenyewe siku ya kazi, sio Jumamosi. Chungulia vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Uliza maji yanatoka wapi. Muulize mwalimu mkuu nani anafundisha la kwanza na la pili, maana hapo ndipo mtoto anapopata kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwalimu mzuri wa la kwanza ana thamani kuliko geti lenye nakshi.

Kuandikisha nako hakuhitaji kujuana na mtu. Uandikishaji wa awali na la kwanza kwa kawaida unaanza Oktoba, pale pale shuleni. Awali mtoto anaanza na miaka mitano, la kwanza sita. Cheti cha kuzaliwa utaulizwa, na Mbeya ndio mkoa ambako mpango wa vyeti vya bure kwa watoto chini ya miaka mitano ulianzia, mwaka 2013. Kinapatikana ofisi ya kata au kliniki. Anayesubiri Januari ndio afukuzie cheti, wa kulaumiwa anajulikana.

Lakini kuna jambo moja ambalo huyo dada hajalisemea, na ndilo zito kuliko sketi ya bluu. Yeye yuko Dar. Mtoto yuko Kyela. Kikao cha wazazi kikiitwa, anayekwenda ni bibi. Bibi atasikiliza, ataahidi debe lake la mahindi, atarudi kwenye kokoa zake. Hatauliza kwa nini mjukuu yuko la pili na bado anasoma kwa kukariri picha. Sio kosa lake, kazi ya kulea anaifanya na anaifanya vizuri. Ila mtoto anaweza kufika la tatu hajui kusoma, nyumbani kila mtu akaamini mambo safi kwa sababu sare imefuliwa na mchango umelipwa.

Kuchagua shule ya jirani ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na namba ya mwalimu wa darasa, kwenda kikao angalau kimoja kwa mwaka, na kuuliza maswali ambayo bibi anaona aibu kuuliza. Watu wenye sauti wakiwahamisha watoto wao wote, au wakiwaacha na wao wasionekane, kikao kinabaki na wasioweza kuhoji dawati lilikoenda.

Tena simu iliyopiga picha inaweza kazi nyingine. Kila Ijumaa jioni mpigie mtoto video, mwambie achukue kitabu chochote, asome ukurasa mmoja. Dakika tano tu. Utajua ukweli wa shule kuliko tovuti yoyote, awe Kayumba au kwenye ada ya mamilioni.

Haya wadau, mlioacha watoto kwa bibi zao Kyela, Tukuyu, Ludewa na kwingineko: mara ya mwisho kumsikia mwanao akisoma kwa sauti ilikuwa lini?