Mpira Uliosimama

Katika viwanja vingi vya shule mchezaji husifiwa kwa mambo mawili, yaani mbio zake na nguvu za mguu wake. Mvulana awapitaye wenzake kwa kasi huitwa hodari, na yule apigaye mpira kwa kishindo hupewa jina la sifa. Sifa hizo ni za haki. Walakini liko jambo la tatu ambalo husifiwa mara chache, kwa sababu halionekani kwa macho, nalo ni akili iliyo tayari wakati mpira uliposimama. Mechi nyingi zimepotea katika nafasi hiyo fupi, wachezaji wakifunga kamba za viatu, au wakimnung'unikia refa, au wakidhani ya kuwa mchezo umepumzika pamoja nao.

Ushahidi ulio wazi ulionekana tarehe 7 Mei 2019, katika uwanja wa Anfield, mjini Liverpool, Uingereza. Siku sita kabla ya hapo Liverpool walikuwa wamefungwa na Barcelona, timu ya Hispania, magoli 3 kwa 0. Basi iliwapasa kuyarudisha magoli yote 3, kisha waongeze la 4, nao wasifungwe hata moja. Tena washambuliaji wao wawili walio mashuhuri, Mohamed Salah na Roberto Firmino, hawakuweza kucheza kwa sababu ya kuumia. Goli la kwanza lilifungwa dakika ya 7 na Divock Origi, kijana Mbelgiji ambaye baba yake, Mike Okoth, aliichezea timu ya taifa ya Kenya. Baada ya mapumziko akaingia Georginio Wijnaldum, akafunga mawili, la pili likifuata la kwanza kwa dakika kama mbili tu. Mizani ikawa sawa.

Ilipofika dakika ya 79, Liverpool walipata kona upande wa kulia. Mvulana mmoja mwokota mipira, ambaye umri wake ulikuwa kama wa mwanafunzi yeyote wa shule, alirudisha mpira mara moja bila kukawia. Trent Alexander-Arnold, kijana wa miaka 20, akauweka mahali pake, kisha akaanza kuondoka polepole, kama mtu anayemwachia mwenziwe aje apige. Walinzi wa Barcelona walipomwona akienda zake, macho yao yakauacha mpira. Ghafula kijana yule akageuka. Alikuwa amemwona Origi mbele ya goli, naye Origi alikuwa akimtazama. Akaupiga mpira chini chini, Origi akauingiza wavuni, na walinzi wakashtuka mambo yamekwisha. Hata Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool mwenyewe, alikiri baadaye ya kuwa hakuona jinsi lilivyofungwa. Liverpool wakashinda 4 kwa 0, na tarehe 1 Juni wakatwaa kombe la Ulaya mjini Madrid.

Wapo wanaosema kwamba goli kama lile ni la ujanja usio wa haki. Maneno hayo hayana nguvu. Kwa sheria za mchezo, kona haingoji filimbi. Yatosha mpira uwe umetulia ndani ya duara ya pembeni, na wapinzani wawe mbali kwa meta 9.15. Kila mchezaji wa Barcelona aliijua sheria hiyo. Wala haikuwa bahati tupu. Wachunguzi wa Liverpool walikuwa wameziangalia mechi za Barcelona, wakatambua ya kuwa mpira utokapo wachezaji wale hupoteza muda wakimlalamikia refa. Kwa hiyo waokota mipira waliagizwa kuurudisha upesi. Hivyo yule mvulana asiyevaa hata jezi ya timu alikuwa na sehemu yake katika goli, na pengine sehemu hiyo haikuwa ndogo.

Lakini atakayejifunza hapa haraka peke yake amekosea. Kama Alexander-Arnold angaliupiga mpira mara ulipotua, Origi akiwa bado hajatazama, mlinda mlango angaliudaka bila taabu, na watu wangalisema kijana ana papara. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, tena walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na watoto huuliza ni ipi iliyo kweli. Uwanjani zote mbili ni kweli, ila kila moja ina dakika yake, na hakuna kocha awezaye kuitaja dakika hiyo kwa kelele kutoka pembeni; asemapo imekwisha kupita.

Akili hiyo hutayarishwa mapema, hata kabla ya mtu kuingia mchezoni. Ole Gunnar Solskjær, Mnorwei aliyeichezea Manchester United, alikaa akiba katika mechi nyingi, na muda ule wa kukaa aliutumia kuwachunguza walinzi wa upande wa pili. Tarehe 26 Mei 1999, mjini Barcelona, Bayern München walikuwa wakiongoza kwa goli moja tangu dakika ya 6. Solskjær aliingia dakika ya 81. Dakika 90 zilipokwisha timia, katika muda ulioongezwa, Teddy Sheringham, naye pia mchezaji wa akiba, akasawazisha kwa mpira uliotokana na kona. Punde ikapigwa kona nyingine, Solskjær akanyosha mguu, kombe likaenda Manchester.

Wachezaji wa akiba wa shule nyingi hukaa chini ya mti wakitafuna miwa, migongo imeelekea uwanja. Mwalimu wa michezo angefanya vema kama siku moja, katika mazoezi, angeamuru kona ipigwe bila kumwonya mtu, kisha akahesabu ni wangapi waliokuwa wakiutazama mpira, akianza na wale wa chini ya mti.